Msasa, Manyoya na Mkono wa Mtoto



Leo tuzungumze habari za kitabu ambacho wengi hawakihesabu kuwa ni kitabu. Kina kurasa tano au sita tu. Kila ukurasa ni kadibodi nene, pembe zake zimeviringwa ili zisimchome mtoto jicho. Maneno yake yote ukiyakusanya hayafiki nusu ya ukurasa wa daftari la shule. Lakini katikati ya kila picha pamekatwa tundu, na tunduni pamebandikwa kitu cha kushika: manyoya ya bandia kifuani pa sungura, kipande cha mahameli puani mwa ndama, karatasi ya kukwaruza mgongoni mwa kobe. Mwenye kitabu ni mtoto wa miezi sita, wa miezi minane, wa mwaka mmoja. Herufi hazijui. Anapapasa.

Najua kuna msikilizaji ameshaguna. Mtu mzima na akili zake anakaa mbele ya maikrofoni kuzungumzia vitabu vya watoto ambao hata meno hayajatimia! Ndiyo, nakaa. Sisi tumezoea kuanza kuhesabu usomaji wa mtoto siku anapovaa sare na kubeba begi kubwa kuliko mgongo wake. Kabla ya siku hiyo tunamwachia bibi, tunamwachia dada wa kazi, na siku hizi tunamwachia simu yenye katuni ili mama amalize kupika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 likasema mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na kwamba muda anaokaa ametulia ni heri asomewe na asimuliwe hadithi. Mwongozo mzuri. Ila haukusema asomewe nini mtoto ambaye kila ukimpa kitabu anakitia mdomoni. Jibu la swali hilo lipo, na lina umri wa zaidi ya miaka 80.

Dorothy Kunhardt alikuwa mama wa Kimarekani, mzaliwa wa mwaka 1901. Baba yake, Frederick Hill Meserve, alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa picha za kale, hasa za Rais Abraham Lincoln, na binti naye baadaye akaandika kazi nzito za historia kumhusu Lincoln huyohuyo. Dunia haimkumbuki kwa Lincoln. Inamkumbuka kwa kijitabu alichokitoa mwaka 1940, alichomtungia binti yake mdogo, Edith. Kinaitwa Pat the Bunny. Ndani yake watoto wawili wa kuchorwa wanaonyesha mambo ya kufanya, na mtoto aliyepakatwa anayafanya yeye mwenyewe. Anapapasa sungura mwenye manyoya. Anafunua kitambaa amwone aliyejificha. Ananusa maua. Anajitazama kwenye kioo. Anapenyeza kidole kwenye pete ya mama. Na kuna ukurasa wa baba: kidevuni Kunhardt alibandika kitu cha kuparuza kama msasa, mtoto aguse ndevu za baba ambaye leo hajanyoa.

Ukurasa huo wa msasa ndio unaonifanya nimwone Kunhardt kuwa mwandishi hasa, si mbunifu wa vitu vya kuchezea. Jina la kitabu limebebwa na sungura, lakini sungura wa kupapasa ana ukurasa mmoja tu. Kurasa zinazobaki ni za nyumbani: mama, baba, kioo, kitambaa. Alijua kuwa mtoto anayepapasa manyoya ya mnyama amekaa kwenye mapaja ya mtu, na mtu huyo naye ana ngozi, ana ndevu, ana pete. Kitabu kinampeleka mtoto kwa sungura kisha kinamrudisha kwa aliyempakata. Ilipofika mwanzoni mwa karne hii kilikuwa kimeuza zaidi ya nakala milioni 6 nchini Marekani, na mpaka leo kinachapishwa. Wengi waliofuata wamechukua manyoya, wakamwacha baba.

Sasa tuuguse mkono wenyewe. Kwa nini mtoto apapase kitabu, asikitazame tu?

Mwaka 1998 mwanasaikolojia Judy DeLoache na wenzake, wakiwa Marekani, walitoa utafiti ambao kila mwalimu wa awali angepaswa kuusikia. Waliwapa watoto wa miezi 9 vitabu vyenye picha za vitu vilivyoonekana kama vitu halisi, kisha wakakaa pembeni kuangalia. Watoto hawakuishia kutazama. Walizipiga zile picha, walizisugua, wengine wakakunja vidole kabisa wakijaribu kukiinua kitu kutoka kwenye karatasi. Utafiti uliofuata ulionyesha kuwa kadiri picha inavyofanana na kitu chenyewe, ndivyo mkono unavyohangaika zaidi. Watafiti wakajiuliza: je, hii ni tabia ya watoto wa Kimarekani waliozungukwa na vitabu na televisheni? Wakaenda Afrika Magharibi, vijijini kwa jamii ya Wabeng huko Ivory Coast, kwa watoto wasiozoea vitabu vya picha. Mikono ya watoto wa Kibeng ilifanya yaleyale.

Watoto wa miezi 19 walikuwa tofauti. Hawa hawakukwangua karatasi. Walinyoosha kidole, wakaonyesha, na mara nyingi wakatoa sauti ya kutaja. Maana yake ni kwamba kati ya miezi 9 na karibu mwaka na nusu, mtoto anavuka mto mkubwa ambao sisi tulishasahau kuwa tuliwahi kuuvuka: anajifunza kwamba embe la kwenye karatasi haliliwi, ila linatajwa. Picha si kitu, picha inasimama badala ya kitu. Bila kulielewa hilo, herufi nazo hazitakuja kuwa na maana, kwa sababu herufi ni alama inayosimama badala ya sauti. Tunapomcheka mtoto anayekwangua picha ya kuku, tunamcheka mtu aliye katikati ya kazi ngumu.

Hapo ndipo kitabu cha kupapasa kinapoingia. Kitabu cha kawaida kinaunyima ule mkono jibu. Mtoto anamshika kondoo, anakutana na karatasi laini. Anamshika ng'ombe, karatasi ileile. Anamshika kobe, karatasi ileile. Vitabu hivi vinaupa mkono kitu tofauti kwa kila mnyama, na hapohapo sauti ya mtu mzima inaweka neno juu ya kile ambacho kidole kimekuta: laini, inakwaruza, inateleza, ngumu. Kidole kimegusa, sikio limesikia, jicho limeona, vyote kwa sekunde moja. Sijui somo lingine la awali linalobana mambo matatu kwenye nafasi ndogo kiasi hicho.

Kule Uingereza kuna mfululizo ulioanza mwaka 1999, wa kampuni ya uchapishaji ya Usborne ya London, unaoitwa That's not my. Mwandishi ni Fiona Watt, mchoraji ni Rachel Wells. Umeshatoa vitabu zaidi ya 50, na muundo wake haubadiliki. Kwenye vile vya wanyama, kila ukurasa una mnyama mmoja, na kila ukurasa unamkataa mnyama huyo kwa sababu ya sehemu moja ya mwili wake inavyoguswa, mpaka ukurasa wa mwisho anapopatikana yule anayetafutwa. Kila ukurasa kuna panya mdogo mweupe amejificha mahali. Mtu mzima anachoka mapema. Mtoto hachoki, kwa sababu kwake kurudiwa kwa maneno ndiko kunakompa nafasi ya kujua kinachokuja, na anayejua kinachokuja anajiona mjuzi.

Kati ya wanyama wa mfululizo huo wamo simba, tembo, twiga, tumbili na pundamilia. Yaani mtoto wa Birmingham anapapasa manyoya ya shingo ya simba kabla hajaota jino la pili, na mtoto wa Mto wa Mbu, ambaye nyumba yao ipo karibu na lango la Hifadhi ya Ziwa Manyara, hana kitabu cha namna hiyo hata kimoja kwa lugha anayosemeshwa. Sisemi hivi kwa uchungu dhidi ya London. Wao wamefanya kazi yao. Kazi isiyofanyika ni ya kwetu.

Fikiria muundo huohuo uandikwe kwa Kiswahili tangu mwanzo, usitafsiriwe. Pua ngumu. Mkia mgumu. Gamba gumu. Masikio magumu. Kila kidole kinapohamia sehemu nyingine, neno nalo linabadilisha kichwa chake. Watoto wetu huupata upatanisho huu wa kisarufi bila mwalimu, kwa kuusikia mara elfu jikoni na barazani. Hapa wangeusikia huku kidole kikiwa juu ya ile pua na lile gamba. Mwandishi mzuri wa Kiswahili angefanya maajabu kwa sentensi sita.

Lakini angeanza na wanyama gani? Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa nina ugomvi na vitabu vingi vya kigeni nilivyovishika.

Ugomvi wa kwanza ni uongo wa kidole. Tembo wa rangi ya waridi simchukii, mtoto atakuja kujua. Tembo mwenye manyoya laini kama taulo namvumilia kwa shida. Lakini nyoka aliyebandikwa plastiki ya utelezi, eti kwa sababu nyoka ana ute, huyo simsamehe. Ngozi ya nyoka ni kavu. Mchoraji hajawahi kumshika, akabandika woga wake. Ikiwa kitabu hiki ni somo la kwanza la mkono, basi kiuambie mkono ukweli, au kimwache nyoka porini.

Ugomvi wa pili ni mzito zaidi, na ni wa kwetu. Kitabu kinachosema papasa kinampa mtoto ruhusa. Mtoto wa London anaruhusiwa na kitabu kumpapasa simba, hakuna hasara, hatakutana naye. Mtoto wa Kilosa akiruhusiwa kumpapasa nyoka, nyoka yupo nyuma ya choo. Akiruhusiwa kumpapasa mbwa yeyote, mbwa wasio na mwenyewe wanapita mbele ya mlango. Shirika la Afya Duniani linasema asilimia 40 ya wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto wenye umri wa chini ya miaka 15. Kwa hiyo kitabu chetu hakiwezi kunakili orodha ya wanyama ya wenzetu. Kiwachague wale ambao mkono wa mtoto una haki ya kuwafikia akiwa na mkubwa wake.

Na wapo tele. Mbuzi, ambaye sikio lake ni jororo na pembe yake ina matuta. Paka, ambaye manyoya yake ni mazuri kuliko kitambaa chochote cha dukani, lakini akikulamba ulimi wake unaparuza. Pale bandika msasa laini, mtoto ashangae kwamba mnyama mmoja ana ulaini na ukwaruzo kwa pamoja. Ndama na pua yake yenye unyevu. Kifaranga. Punda wa Lamu, mwenye nywele ngumu za shingoni. Na kama wachapishaji wa Zanzibar wananisikia, wana mnyama ambaye hakuna mwingine wa kumshinda: kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu. Kobe wanne wa kwanza waliletwa kama zawadi kutoka Shelisheli mwaka 1919, na hadi leo watoto wanaofika kule wanaweka kiganja juu ya gamba. Gamba lile lina miduara, lina mifereji, lina sehemu iliyosagika kwa miaka. Kitabu cha kupapasa cha kobe wa Changuu kingeuzwa kwa mtoto wa Mjini Unguja na kwa mtalii, na wote wawili wangekuwa wamepewa kitu cha kweli.

Nimeshawahi kuulizwa na jirani yangu mmoja, mfugaji: mtoto wangu anamshika mbuzi mwenyewe, kitabu cha mbuzi cha nini? Swali zuri sana, tena lina heshima ya mfugaji ndani yake. Mbuzi hashindwi na kitabu. Mtoto aliyelala na kondoo chini ya ghala ana elimu ya mkono ambayo kadibodi haiwezi kuitoa. Ila mbuzi halali kwenye ukurasa akasubiri maswali. Kitabu kinamfundisha yule mtoto wa mfugaji jambo ambalo mbuzi hawezi kumfundisha: kwamba yule mbuzi wa nje anaweza kuingia kwenye mchoro, kwamba ukurasa unageuzwa kwa mpangilio, kwamba neno lililosemwa jana kwenye picha hii litasemwa na leo. Halafu tusisahau kuwa si kila mtoto ana mbuzi. Nenda Mbagala, nenda Kayole, mtoto anakua kwenye chumba kimoja cha kupanga, wanyama pekee anaowaona ni panya na mende.

Tahadhari moja, hasa kwa wenye uwezo wa kununua. Soko limejaa vitabu vinavyofanya kila kitu: vinalia, vinawaka taa, vinainua picha, vinavuta kamba, vina magurudumu. Usidhani kingi ni kizuri. Mwaka 2010 DeLoache huyohuyo na wenzake walilinganisha vitabu vya wanyama vyenye picha zinazoinuka na kuvutwa na vitabu vya picha za kawaida. Watoto wadogo walijifunza majina na habari za wanyama vizuri zaidi kwenye vile vya kawaida. Mikono ilikuwa kazini, akili ikabaki kwenye kamba na vibao, mnyama akasahauliwa. Somo ninalolichukua kwa vitabu vya kupapasa ni hili: ukurasa mmoja, mnyama mmoja, mguso mmoja unaomhusu mnyama huyo. Ukiweka pambo linalong'aa kwenye kwato za ng'ombe umeshamwondoa mtoto kwa ng'ombe.

Na chenye betri kinachomlilia mtoto "mee" chenyewe kinamnyang'anya mtu mzima kazi yake. Mlio wa mbuzi utoe wewe. Mtoto atakutazama mdomo.

Wapo watoto ambao kwao kidole ndiyo njia yenyewe ya kusoma. Eric Carle, mchoraji wa Kimarekani aliyekulia Ujerumani, alitoa kitabu The Very Busy Spider mwaka 1984. Wanyama wa shambani wanapita mmoja mmoja, na utando wa buibui umechapwa kwa mstari ulioinuka, unaongezeka kila ukurasa, kidole kinaweza kuufuata. Mtoto asiyeona anaujua utando unavyokua sawasawa na mwenzake anayeona. Kule Ufaransa, eneo la Dijon, mwalimu Philippe Claudet alianzisha mwaka 1994 shirika la kuchapisha vitabu vya kupapasa kwa ajili ya watoto wasioona, Les Doigts Qui Rêvent. Kazi yao inatufundisha jambo ambalo sisi tunaoona hatulifikirii. Ukichora umbo la tembo kwa mstari ulioinuka ukampa mtoto ambaye hajawahi kuona, kidole chake hakitakutana na tembo. Kitakutana na mstari unaopinda. Umbo la ubavuni ni habari ya macho. Tembo wa kidole ni kitu kingine: ni ngozi nene yenye mikunjo, ni mkonga wa kitambaa unaoshikika na kupindika, ni upana unaozidi mikono yote miwili. Mchapishaji akianza kufikiria hivyo, kitabu chake kitakuwa bora hata kwa mtoto mwenye macho mawili mazima. Kenya ina Shule ya Wasioona ya Thika tangu mwaka 1946. Tanzania ina Buigiri kule Dodoma. Walimu wa shule hizi wana ujuzi wa miguso ambao wachapishaji wetu hawajauomba.

Utaniuliza bei. Vitabu hivi ni ghali, na sababu si siri. Kadibodi ni nene. Kila tundu linahitaji chombo chake cha kukatia. Kipande cha mguso hukaa katikati ya karatasi mbili zinazogundishwa, na kazi kubwa ya kupachika hufanywa kwa mikono ya wafanyakazi, ndiyo maana vingi vinatengenezwa China. Hata Carle mwenyewe, kitabu chake cha kiwavi mwenye njaa cha mwaka 1969, chenye matundu kwenye kurasa, ilibidi kikachapwe Japani, maana Marekani gharama ilikuwa kubwa mno. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni suala la mashine tulizokosa sisi peke yetu.

Halafu kuna usalama, na hapa sina mzaha. Mtoto atakila kitabu. Wapimaji wa vichezeo wa Ulaya na Marekani hutumia silinda ndogo yenye kipenyo cha milimita 31.7, iliyokadiriwa kufanana na koo la mtoto. Kitu chochote kinachoingia kizima ndani yake hakifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Wewe nyumbani huna silinda hiyo, lakini una macho na una vidole. Ukinunua kitabu cha mtumba, na vinakuja kwenye mitumba pamoja na midoli, kivute kila kipande cha manyoya kwa nguvu. Kikitoka mkononi mwako, kitatoka mdomoni mwake. Kagua pembe: kadibodi iliyoloa na kuanza kubanduka inamezwa vipandevipande. Kifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, usikiloweke, kianike kivulini kikauke. Manyoya yaliyonata uchafu usiohesabika yakate, ukurasa utabaki na tundu. Tundu nalo mtoto atalifurahia.

Na kama huna cha kununua, huko ndiko ninakotaka kukufikisha. Fundi cherehani yeyote wa mtaani ana malighafi ya kitabu hiki imemwagika chini ya miguu yake. Omba vipande. Kurasa sita za kitambaa kizito, kila ukurasa uwe wa safu mbili zilizoshonwa pamoja. Kondoo mshonee taulo chakavu. Tembo, kipande cha ngozi ya bandia ya makochi. Punda, kipande cha gunia la katani kilichofuliwa vizuri. Paka, mahameli ya gauni lililochakaa. Samaki, kitambaa cha satini kinachoteleza. Shona kwa mshono wa kurudia mara mbili, usigundishe. Vifungo usiweke, shanga usiweke, kete usiweke, wala macho ya plastiki; macho yatarizi kwa uzi. Kikichafuka kinaingia kwenye beseni na nguo nyingine. Maandishi si lazima. Na hili ni jambo ambalo kitabu cha kupapasa kinavishinda vitabu vyote: bibi ambaye hakusoma anakisoma chote, dada wa kazi aliyeacha shule darasa la tano anakisoma chote. Dada ndiye anayeshinda na mtoto kuanzia asubuhi hadi mama anaporudi, na ni nadra mtu kumnunulia yeye kitu cha kufanya na mtoto zaidi ya uji na nepi.

Akina baba, nanyi pia. Naomba msinijibu kuwa hii ni kazi ya mama. Kunhardt aliwawekea ukurasa wenu mwaka 1940. Mpakate mwanao, mwache apapase kitabu, kisha mpe kidevu.

Serikali ya Tanzania ilianzisha programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, PJT-MMMAM, mwaka wa fedha 2021/22. Ndani yake yametajwa maneno mawili ninayoyapenda, ujifunzaji wa awali na malezi yenye mwitikio. Yakibaki kwenye mabango ya semina hayatamfikia mtoto. Kliniki ya mtoto ina benchi la kusubiri, na akina mama wanalikalia saa nzima na zaidi. Vitabu vitatu vya kitambaa juu ya benchi hilo, vinavyofuliwa kila Ijumaa, ni gharama ya vipande vya fundi na uzi.

Kwenu wachapishaji wa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar: mna waandishi, mna wachoraji, na mafundi wa kushona hawana idadi. Msisubiri mashine ya kukata kadibodi. Toeni kitabu kimoja cha kitambaa, kurasa sita, Kiswahili kilichoandikwa na mtu anayekijua, kipimwe kwanza na watoto wa Buigiri na wa Thika kabla hakijafika dukani. Kiuzeni kwa bei ambayo mama wa Mbagala anaweza kuitoa bila kuuliza nyumbani. Na ukurasa wa kwanza mpeni mbuzi.